Dagaa na mwezi mkubwa: maswali ninayoandika kabla ya kipindi

Jana nimekaa na andalio la somo la darasa la sita mpaka saa nne usiku na kilichonikalisha ni maswali tu, yani kuandika maswali manne matano ya kuuliza darasani.

Nilianza hii tabia baada ya mwalimu mwenzangu kukaa nyuma ya darasa langu akaandika kila nilichouliza kwenye kipindi kimoja. Tukasoma wote ofisini. Ziwa Tanganyika lina kina gani, mita 1,470. La ngapi kwa kina duniani, la pili. Tumeelewa? Ndiyooo! Karibu karatasi nzima iko hivyo, na kwa kweli iliniuma kwa sababu hawa watoto wa Kigoma wana akili nyingi sana na mimi nilikuwa naigusa kidogo tu.

Chuoni tulisoma ngazi za kufikiri za Bloom, zile Benjamin Bloom na wenzake walizitoa Marekani 1956 zikaja kupangwa upya 2001: kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchambua, kutathmini, kubuni. Shida wengi tunadhani ukiweka neno "chambua" mbele basi swali limepanda. Hapana jamani. "Chambua sababu tatu za samaki kupungua" wakati hizo tatu ziko ubaoni tangu juzi, mtoto hachambui chochote hapo, anakumbuka tu.

Basi nikaandika hili: kwa nini mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wa dagaa wanapumzika? Kwenye kitabu halipo. Nikauliza, kimya. Zamani ningejibu mwenyewe, ila kuna utafiti wa Mary Budd Rowe miaka ya 1970 ulioonyesha walimu tukiuliza tunasubiri kama sekunde moja tu, na ukivumilia hata tatu majibu yanakuwa marefu na watoto wengi zaidi wanaongea. Nikahesabu kimoyomoyo. Sekunde tatu darasani ni ndefu nyie! Kijana mmoja wa dawati la nyuma, baba yake yuko mwalo wa Kibirizi, huwa hanyooshi mkono kabisa, akasema taratibu, "Taa inakosa nguvu mwalimu, mwanga uko ziwa zima, sasa dagaa waifuate taa ya nini?" Kabla sijasema kitu binti wa mbele kamgeukia, "Na mwezi ukichelewa kutoka je?" Wakaanza kubishana wao kwa wao, mimi chaki mkononi nawasikiliza.

Hapo ndo nikapandisha. 2024 serikali ilisimamisha uvuvi ziwani kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15 ili samaki wazaliane. Nikauliza, ungekuwa wewe ndo unaamua ungefunga? Mmoja akasema afunge kwa sababu samaki wadogo wanaisha, mwingine mama yake anauza dagaa akauliza miezi mitatu watakula nini, halafu akatokea mwingine, "Ziwa ni la nchi nne, tukifunga sisi peke yetu itasaidia?" Darasa la sita hao!

Lakini maswali ya kukumbuka siyaachi, tusielewane vibaya. Mtoto asiyejua dagaa wanavuliwa usiku kwa taa hawezi kuanza hata kufikiria habari ya mwezi, kwa hiyo mawili matatu ya haraka naanza nayo, dakika chache, halafu naenda kwenye lile moja linalobeba kipindi. Moja linatosha kabisa, ukiweka matano makubwa hakuna litakalofika mwisho.

Kesho tunaingia reli ya kati. Ilifika Tabora 1912, Kigoma 1914, hayo watayasema wenyewe. Swali lenyewe nimeliandika hivi: kwa nini Wajerumani hawakuishia Tabora? Chini yake nimeacha nusu ukurasa mweupe, niandike watakachosema wao.