Mkono wa kulia

Machi 2021 mchanga ulinilaza chini pale Kihonda, Morogoro. Sikuwa na mwendo wa maana, na wa kumlaumu sina. Mvua ilikuwa imekatika, kona imejaa mchanga, nami nikaminya breki ya mbele kama mtu aliyepanda pikipiki jana. Mfupa wa juu wa mkono wa kulia ukavunjika. Wakanipasua, wakaniwekea chuma, dokta akasema miezi mitatu nisiguse pikipiki.

Miezi mitatu, na hesabu ya bosi ni ya kila siku! Wiki ya pili akanipigia: "Mdogo wangu, chombo hakilali." Kijiweni nako walikuwa na mfano tayari. Mbona Márquez, yule wa mbio za pikipiki, alirudi baada ya siku nne?

Kweli, tuliangalia wote. Julai 2020, Jerez, Hispania. Marc Márquez, bingwa wa dunia mara nane, alitoka nje ya njia, akashuka hadi nafasi ya 16, akawala mmoja mmoja mpaka ya tatu, kisha pikipiki ikamrusha. Mfupa uleule, mkono uleule. Jumanne alipasuliwa, Jumamosi yuko juu ya Honda. Tulipiga kelele banda zima, na mimi ndiye niliyesema hilo ndilo dume.

Ila kijiwe hakikupenda kusimulia ya mwezi uliofuata. Chuma kilimvunjikia mkononi akifungua dirisha nyumbani kwake. Dirisha! Akapasuliwa tena Agosti, akapasuliwa tena Desemba, msimu mzima ukamwendea hivyo. Yeye ana madaktari wa Barcelona na Madrid. Changu kikivunjika, cha pili nani angenilipia?

Basi nikamwita mdogo wangu, aendeshe yeye. Wateja wa simu ni wangu, mikono ni yake. Hesabu ya bosi inatoka kwanza, kinachobaki tunagawana. Kilikuwa kidogo, sitadanganya. Kuna siku tuligawana buku mbili na lawama.

Juni 20 nikamwomba mwenye banda aache marudio ya Euro anipe mbio za Sachsenring, Ujerumani. Akaniangalia kama nimegongwa kichwa pia. Uwanja ule una kona 10 za kushoto na 3 tu za kulia, kwa hiyo mkono mbovu unapumzika kuliko kwingine. Márquez akashinda, mara ya kwanza baada ya siku 581. Watu wakasema nguvu zimerudi. Mimi niliona mtu aliyepata barabara inayolingana na mkono wake.

Julai nikarudi, nikachagua na mimi barabara yangu: lami tupu, safari fupi, mikate ya asubuhi na vifurushi vya stendi ya Msamvu. Abiria wa milimani nilimwachia mdogo wangu, maana kushuka mteremko na mtu mgongoni, uzito wote unalalia mikono. Nilianza kupakia watu Septemba. Hata leo kukiwa na baridi, kuvuta mafuta kunaniuma kwenye bega.

Márquez hakuwa amemaliza. Mfupa wake ulikuwa umeunga huku umejipinda zaidi ya digrii 30, na Juni 2022 walimkata upya kule Minnesota, Marekani, mara ya nne. Akaiacha Honda, akahamia timu ndogo ya Gresini, ushindi ukaja Aragón, Hispania, Septemba 2024, siku 1,043 tangu ushindi wake wa mwisho.

Septemba 28, 2025 ilikuwa Jumapili, saa mbili asubuhi kwetu, Motegi ya Japani. Nilikuwa nimeketi juu ya pikipiki kijiweni, simu mkononi, bando linakaribia kukata. Márquez alikuwa wa pili, na wa pili ulimtosha kuuchukua ubingwa aliouacha 2019. Mama mmoja mwenye begi akaja: "Kijana, Msamvu." Nikamwambia, "Mama yangu, nivumilie mizunguko mitatu tu." Akaweka begi chini, akainama kuangalia na yeye.