Ninavyopima kiu ya mkunazi kwenye ardhi ya maweni

Mkunazi ni mmoja wa miti ambayo wakulima wa Jharkhand, India, huifugia wadudu wa lakiri, ile gundi ngumu ya kupigia mihuri. Mimi huku Makunduchi, Unguja, siwafugi, lakini mikunazi yangu hushikwa na wadudu gamba, jamaa zao, ambao nao hudunga vitawi na kufyonza utomvu wenye sukari. Mti ulioshiba maji huwastahimili. Wenye kiu hupukutisha majani, na vitawi hukauka kuanzia nchani. Ndiyo maana sipogoi wala sipulizi dawa kabla ya kupima maji ya jani.

Nachuma majani kumi alfajiri, jua halijatoka, yote ya rika moja: la nne au la tano kutoka nchani. Yanaingia papo hapo kwenye kopo lenye kifuniko, maana jani lililochumwa halichelewi kukauka. Napima kwa mizani ya sonara inayosoma sehemu ya mia ya gramu, kisha nasimamisha vikonyo vyake kwenye maji, kivulini, kwa muda wa saa nne, na kupima tena. Jani zima lisizamishwe: upande wa chini una vinyweleo vyeupe vinavyonasa maji, uzito unazidi, na mti unaonekana una kiu kuliko ilivyo. Mwisho nayakausha kwenye oveni, nyuzi 80, mpaka uzito usipungue tena.

Tuseme mabichi yana gramu 4.1, yaliyoshiba 5.0, makavu 1.5. Natoa uzito wa makavu kwenye ule wa mabichi na ule wa yaliyoshiba: 2.6 gawa kwa 3.5, ni asilimia 74 ya maji ambayo majani hubeba yakishiba. Saa saba mchana, kaskazi ikivuma, kiasi hicho hakinitishi. Vitundu vya majani hujifunga na usiku mti hujijaza. Kipimo cha alfajiri ndicho ninachokiamini. Mti ukiamka chini ya asilimia 80, mizizi haipati maji.

Mikubwa haifiki huko mara nyingi, mizizi yake imeshapenya kwenye nyufa za mawe. Ni michanga inayohitaji msaada. Maji ya kumwaga kwa ndoo hupotelea kwenye nyufa hizo hizo, kwa hiyo natoboa dumu la lita 20 kwa msumari mwembamba, linadondosha polepole shinani. Juu ya udongo natandaza makumbi makavu, lakini si yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya usumba: yana chumvi, na chumvi huzuia mizizi kunywa hata udongo ukiwa umelowa.