Nilivyopata chumba na sebule Kaloleni bila kumlipa dalali

Kila niliyemwambia natafuta chumba na sebule Kaloleni, hapa Arusha, alinikataza. Kelele, wakasema. Wezi, mabaa, watoto wataharibika. Dada yangu akanitumia picha za nyumba za Moshono na Muriet: vigae hadi ukutani, geti, uani pa kuanikia nguo. "Kwa hela hiyohiyo unapata masta na jiko, unang'ang'ania nini huko mjini?" Hakuna hata mmoja aliyeniuliza ninaamka saa ngapi.

Nauza supu na chapati kwa wapakuaji wa soko la Kilombero. Malori ya viazi na vitunguu yanaingia usiku, na mtu aliyebeba magunia tangu saa nane anataka kula saa kumi na moja alfajiri. Ukimletea saa moja, ameshakula kwa mwingine. Kutoka Moshono saa hiyo vifodi, yaani daladala zetu ndogo, bado ni vya kubahatisha, kwa hiyo ni bodaboda, tena na sufuria ya supu mapajani. Weka buku tatu au nne kila alfajiri, zidisha kwa mwezi, ndipo uniambie nyumba ya vigae ni rahisi. Halafu kuna giza. Kaloleni saa kumi usiku taa zinawaka, mlinzi wa baa anafagia, muuza kahawa amewasha jiko, bodaboda wa kijiweni wananijua. Hao wanaoitwa kelele ndio wanaonisindikiza kazini.

Nilianza na dalali kama watu wote. Elfu kumi ya kuonyeshwa, na ukipata nyumba unampa kodi ya mwezi mmoja. Vyumba vya kwanza sitavieleza, ni yaleyale: choo cha watu kumi na mbili, dirisha linalofungukia ukuta wa jirani. Kimoja kilikuwa pembeni ya mji na dalali alikisifia kuwa kina kisima chake, maji hayakatiki. Nikamkatalia hapohapo. Nina mtoto wa miaka mitatu, na maji mengi ya ardhini kuuzunguka mlima Meru yana floridi nyingi kuliko miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Hayo ndiyo yanayowaachia watoto wetu meno ya kahawia, na yakizidi sana hupinda hata mifupa. Kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua floridi inabaki. Ukipenda nyumba ya kisima, uliza maji yamepimwa wapi, na kama hakuna jibu tafuta chujio la mkaa wa mifupa, kama lile wanalotengeneza Ngurdoto. Usikubali kuambiwa kuwa maji ni matamu.

Mwishoni dalali akanipeleka pande za Ngarenaro, kwenye nyumba nzuri kweli. Sebule pana, rangi mpya, choo cha ndani. "Dada yangu, mpangaji amehama juzi tu, na kuna mtu anakuja kulipa jioni." Kodi ya miezi sita mkononi. Hapa nitaeleza polepole, maana naona watu wanatoa hela ya miezi sita bila kufanya jambo hili.

Niliomba kuiona mita ya umeme, nikapiga picha namba yake, nikasogea kando na kununua kwa simu LUKU, umeme wa kulipia kabla, ya elfu tano. Ujumbe ukirudi usiangalie tokeni peke yake, soma uniti na makato. Mita iliyo kwenye daraja la watumiaji wadogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, inalipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya VAT na makato ya EWURA (wadhibiti wa nishati na maji) na REA (wakala wa umeme vijijini), kwa hiyo elfu tano inaleta uniti kama arobaini. Mita ya daraja la kawaida inalipa shilingi 292, na elfu tano ileile inaleta kumi na nne. Umeshajua bili yako kabla hujahamisha godoro.

Mimi nilipata uniti tano na nusu. Elfu tatu ilikuwa imekatwa. Kodi ya jengo inakusanywa humohumo kwenye LUKU tangu mwaka 2021, na kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa ni shilingi 1,500 kwa mwezi tangu ilipopandishwa mwaka 2023. Elfu tatu maana yake ni miezi miwili, na mtu hawezi kuishi na taa bila kununua umeme muda wote huo. Nyumba haikuwa na mtu, na aliyesema mpangaji amehama juzi alikuwa ananidanganya.

Nikamwambia, "Kaka, naomba nipite kwa jirani mara moja." Alinifuata akiongea mfululizo, lakini mama aliyekuwa anafua nje alinisikia. Nilimsalimia, nikamuuliza maji ya mvua yanapita wapi. Hakujibu kwa mdomo. Alinyoosha mkono mweupe wa povu, akaonyesha ukuta wa ile nyumba, chini ya dirisha, mahali rangi mpya ilipokomea. Huko juu rangi ilikuwa ya zamani, ya chini ndiyo mpya. Masika maji yanashuka kutoka mlimani, mfereji unafurika, na yanafika pale rangi ilipopakwa. Niliondoka, tokeni nikamwachia mwenye nyumba. Elfu tano yangu iliokoa laki kadhaa, na mpaka leo natembea kifua mbele nikiikumbuka siku ile.

Dalali nikaachana naye. Nikaenda kwa Mangi, mwenye duka la kona ninaponunulia mafuta na ngano, kwa sababu anayejua nani anahama mtaani ni Mangi. Mtu akikaribia kuhama anafuta deni lake kwenye daftari na anaacha kukopa, na mara nyingi anamuuliza Mangi kama kuna mteja wa mtungi wa gesi. Nilimwomba aniambie akimwona mtu wa namna hiyo. Haikuchukua muda akanipigia: kuna kijana anarudi kwao Babati, anakaa kwa bibi mmoja mjane nyuma ya lile duka la vifaa vya ujenzi.

Sikwenda mchana. Nilikwenda Jumamosi saa nne usiku, mabaa yakiwa yamekolea, nikasimama ndani ya chumba mlango umefungwa na yule kijana akiwa nje. Ghala la lile duka limekaa katikati ya nyumba na barabara, kwa hiyo muziki unapita juu, chumbani unasikia mdundo wa mbali tu. Barabara moja, baa ileile, nyumba ya mbele hulali na ya nyuma unalala. Anayekuambia mtaa mzima una kelele hajawahi kusimama ndani ya vyumba vyake usiku.

Jingine nililoangalia usiku huohuo ni silingi. Nyumba nyingi za kupanga ukuta wa katikati hauishii kwenye bati, unaishia kwenye mbao, na mnasikilizana hadi kikohozi. Nilimwomba jirani awashe taa yake, mimi nikazima ya chumbani na kuchungulia kwenye tundu la waya wa taa. Mwanga haukupita. Ukuta umefika juu.

Bibi alitaka miezi sita. "Shikamoo bibi," nikaanza, na nikamweleza ukweli kwamba hela yangu inaingia kila siku kidogo kidogo, nina miezi mitatu mkononi na bomba lake la uani linavuja, nitalitengeneza mimi. Akaniuliza nauza nini. Nilipomwambia supu, akasema, "Mwanangu, mtu anayeamka saa tisa hanidhulumu kodi." Tukakubaliana miezi mitatu mitatu, laki moja na kitu kwa mwezi. Mkataba tuliuandika kwa Kiswahili na kusainiana mbele ya mwenyekiti wa mtaa, akagonga muhuri. Kama huko kwenu wanadai hela ya muhuri, lipa na udai risiti.

Kilichonisumbua baada ya kuhamia ni umeme. Tulikuwa wapangaji watatu kwenye LUKU moja, tukichangia sawasawa. Mmoja ana friji, mmoja anapiga pasi za watu, mimi nina balbu mbili na simu, kwa sababu napikia mkaa na gesi. Kwa mchango huo zile uniti 75 zinakwisha kabla ya katikati ya mwezi, na kila inayozidi inauzwa bei kubwa. Nilinunua mita ndogo kwenye duka la vifaa vya umeme, nadhani haikuzidi elfu arobaini na ufundi, fundi akaifunga kwenye waya wa kwangu kwa ruhusa ya bibi. Mwisho wa mwezi nasoma uniti zangu, nalipa hizo. Anayepiga pasi alinuna, kisha naye akafunga yake ili aweze kuwatoza wateja wake kwa haki. Ile 1,500 ya kodi ya jengo tuliionyesha kwa bibi kwenye ujumbe wa simu, na kwa kuwa jengo ni lake, anaipunguza kwenye kodi ya yule aliyenunua umeme wa kwanza wa mwezi.

Dada yangu amekuja kulala kwangu Jumamosi iliyopita, na asubuhi ameniomba namba ya Mangi.