Mistari ya Mfarishi wa Edmonton

Mwaka 2018 nililetewa mfarishi wa harusi hapa Mombasa, umeshonwa na kupindwa ukingo, ila mistari ya kufuatishia mishono ilikuwa bado imekodoa macho juu ya kitambaa cheupe. Uso ulikuwa vipande vya kitenge chekundu na bluu iliyokoza vikipishana na pamba nyeupe, nyuma marekani, katikati tabaka la pamba. Uliunganishwa na kina mama wa chama kimoja, na kila mmoja alichora upande wake kwa alichokuwa nacho mkononi.

"Ma, nikakuletee jiki?" aliuliza binti aliyeuleta. Nikamwambia jiki aiache hukohuko dukani. Ingekula kitenge, na penseli ingebaki palepale, kwa sababu risasi ya penseli ni kaboni, haipaushwi.

Kazi ya kwanza ilikuwa kujua kila mstari umechorwa na nini. Nilichovya pamba ya masikio kwenye maji baridi nikagusa mstari mmoja wa kila upande, karibu na ukingo. Wa bluu ya mbingu uliyeyuka papo hapo: kalamu ya mafundi inayofutika kwa maji. Wa kijivu haukutikisika: penseli. Wa tatu, mweusi mwembamba, nao ulikaidi maji, lakini nilipoupulizia draya ya nywele ukatoweka. Hiyo ni kalamu ya wino wa joto, aina ya FriXion, ambayo wanafunzi huitumia kwa sababu inafutika kwa kusuguliwa. Maji kwanza, joto baadaye; ukianza na draya juu ya mstari usioujua na ukawa ule wa bluu, umeshaupika.

Hapo ndipo palipokuwa na ugumu wenyewe. Wino wa bluu ukiguswa na pasi hugeuka hudhurungi na kugandia. Wino mweusi bila joto hauondoki. Mfarishi ni mmoja, na mistari mahali pengine ilikatana. Kwa hiyo bluu ilibidi iishe kabisa, mfarishi ukauke, ndipo pasi ikaribie.

Binti alikuwa amekuja na chupa ya kupulizia maji. Kwa kitambaa kimoja inatosha; kwa matabaka matatu inadanganya. Maji machache husukuma wino ndani ya pamba ya katikati, juu panaonekana safi, kisha kitambaa kinapokauka unyevu hupanda na kuurudisha wino, safari hii umetanuka. Dawa ni kuuzamisha mfarishi mzima. Kabla ya hapo nilisugua kitenge chekundu kwa kitambaa cheupe kilicholowa nione kama kinachuja. Kilichuja kidogo, kwa hiyo maji yalihitaji kuwa mengi na mfarishi usikae umekunjwa ukiwa mbichi. Chumvi na siki sikuziongeza. Wengi huapa kwazo, lakini vitambaa vya siku hizi vinavyochuja huwa na rangi ya ziada isiyoshika, na chumvi haiishikishi.

Niliuzamisha mfarishi kwenye maji baridi matupu katika beseni kubwa la kufulia, bila sabuni ya aina yoyote, kwa sababu sabuni ya unga ina magadi na inaweza kuugandisha wino huo. Niliukandamiza kwa viganja, nikamwaga, nikajaza tena, mpaka maji yakatoka meupe. Kuukamua kwa kuusokota hapana: uzi wa mishono hukatika na pamba hukusanyika pembeni. Niliuviringisha ndani ya mataulo, nikaukanyaga, nikautandaza kivulini juu ya mkeka. Kuuanika kwenye kamba ungejivuta kwa uzito wa maji.

Ulipokauka, bluu ilikuwa imekwisha isipokuwa kwenye ukingo mmoja, ambako palikuwa na mstari wa hudhurungi. Mtu alishapiga pasi pale wakati wa kupinda. Huo niliuacha kwanza.

Penseli ilitaka mkono zaidi kuliko dawa. Nilichanganya mililita 90 za spiriti isiyo na rangi ya duka la dawa, mililita 30 za maji na matone matatu ya sabuni ya maji ya vyombo, nayo iwe ile isiyo na rangi. Spiriti ya zambarau usiithubutu kwenye kitambaa cheupe. Ukiwa na kitambaa safi chini, chovya mswaki laini wa mtoto, ukung'ute, kisha sugua kufuata mstari, si kuukata. Vumbi la risasi limejibana katikati ya nyuzi; ukisugua huku na huku unalitandaza likawa kivuli. Kila kipande kikimalizika, futa kwa kitambaa chenye maji na geuza kile cha chini. Mstari uliochorwa kwa kukandamiza ulibaki hafifu hata baada ya mswaki, nao ulipungua zaidi kwenye ufuaji wa mwisho.

Wino mweusi ungekuwa rahisi kuliko yote kama mfarishi ungebaki Mombasa. Wino huo hupotea ukifika joto la karibu nyuzi 60 za Selsiasi, lakini haujatoka, umepoteza rangi tu. Kwenye baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri huanza kurudi, na kwa 20 chini ya sifuri unarudi wote. Bibi harusi alikuwa anahamia Edmonton, Kanada, ambako majira ya baridi hufika huko bila taabu. Nilichora kwenye mabaki ya kitambaa kilekile, nikapiga pasi, nikaweka kwenye friza usiku kucha. Asubuhi mstari uko pale. Kipande cha pili nilikipiga pasi, nikakisugua kwa ule mchanganyiko wa spiriti, nikakifua: kikatoka frizani na mstari wa kufifia, wa kuutafuta kwa macho. Basi hivyo ndivyo nilivyoufanyia mfarishi. Kwenye kitenge cha bluu iliyokoza wino huo uliacha alama nyeupe, na alama hiyo haifutiki kwa chochote nilichojaribu.

Ukingo wa hudhurungi niliushonea juu kwa uzi mnene wa rangi ya kahawa, mshono wa mnyororo, nikazungusha pande zote nne ili ionekane ndivyo ulivyokusudiwa.

Ufuaji wa mwisho ulikuwa wa sabuni ya maji, baridi. Binti niliandikia karatasi ya kwenda na mzigo: mfarishi usiachwe ndani ya gari usiku wa baridi, na mistari ikijitokeza, pasi ya moto wa kati juu ya kitambaa cha pamba, sekunde chache kila mahali.