Kitufe Kipo, Kitufe Hakipo

Wiki hii tumehamia ofisi mpya na kaka amefunga ndoa, lakini kinachonikosesha usingizi ni maneno machache aliyoyasema mwenzangu wa kazini kuhusu swali la mpwa wangu. Binti huyo, ambaye ameanza kujifunza JavaScript, lugha ya kuandikia maagizo ya kurasa za wavuti, aliniuliza: "Mjomba, mbona kivinjari kinasema kitufe hakipo, na mimi nakiona kwa macho yangu?" Kabla sijafungua kinywa, mwenzangu akadakia: "Hilo swali la kitoto. Shusha skripti chini ya ukurasa, basi." Binti akashukuru kwa adabu, akaishusha skripti, yaani maagizo yake ya JavaScript, kitufe kikafanya kazi, wala hakuuliza lolote tena jioni ile.

Huko kunyamaza ndiko kulikonichoma. Alichoambiwa kilikuwa sahihi, ila yeye aliuliza "mbona", akapewa amri. Kila nikiyarudia mazungumzo yale naona alistahili kuelezwa kwamba kivinjari huusoma ukurasa kutoka juu kwenda chini, na kikiikuta skripti ya kawaida husimama, huitekeleza yote, ndipo huendelea. Skripti yake ilikaa ndani ya head, sehemu ya mwanzo wa ukurasa. Kwa hiyo document.getElementById, amri ya kutafuta kitu ndani ya ukurasa, ilipokitafuta kitufe, mstari wa kitufe ulikuwa bado haujasomwa, na jibu la haki likawa null, yaani "hakuna". Macho yake yalifika baadaye, ukurasa ulipokwisha kukamilika. Swali hilo si la kitoto hata kidogo: limebeba suala zima la wakati, ambalo hata waliobobea hushindana nalo kila wanapotaka kutumia data ambayo seva, kompyuta inayoutuma ukurasa, haijaileta.

Jana akanipigia simu mwenyewe, sauti imejaa furaha. Alikuwa ameirudisha skripti juu kwa makusudi, null ikarudi; kisha, ukurasa ukiwa umekamilika, akauandika mstari ule ule wa kukitafuta kitufe kwenye konsoli, dirisha la kivinjari la kuandikia amri, na konsoli ikampa kitufe chake. "Mjomba, kumbe si mahali, ni wakati!" Nilifurahi kupita kiasi, maana hakuna aliyemtuma kufanya jaribio hilo. Tukaendelea hadi kwenye defer, neno linaloongezwa kwenye lebo ya skripti, inayoruhusu skripti ipakuliwe huku ukurasa ukisomwa, lakini ikasubiri usomaji uishe ndipo itekelezwe. Mwanzoni haikumsaidia, kwa kuwa msimbo wake ulikuwa ndani ya ukurasa wenyewe, nayo defer hufanya kazi kwa skripti ya kawaida iliyo kwenye faili lake na kuitwa kwa src, yaani anwani ya faili hilo. Akauhamisha, mambo yakanyooka. Kisha akauliza kwa nini 5 na 3 za kwenye visanduku zinajumlishwa kuwa 53 ilhali zikitolewa zinabaki 2. Nikamweleza kwamba kisanduku hutoa maandishi, na alama ya kujumlisha huyaunganisha maandishi, kwa hiyo ayapitishe kwanza kwenye Number, inayoyageuza kuwa namba.

Wakati wa kuagana akataja, kama jambo dogo, kwamba ukurasa wake uko hewani na nenosiri la kuingilia ameliandika ndani ya skripti, kivinjari kililinganishe chenyewe. Nikamweleza kwamba chochote kilichomo kwenye skripti kinaweza kusomwa na yeyote anayeufungua ukurasa, na kwamba ukaguzi wa nenosiri ni kazi ya seva. Akaahidi kulifuta nenosiri hilo. Asubuhi hii nimeangalia, bado limo, na ninahofia ndilo analotumia kwenye barua pepe yake. Nampigia, simu haipokelewi.