Matunzo ya mwembe wa uani, kiangazi na masika

Hapa Tabora tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi, kisha kiangazi kirefu, na kazi zote za mwembe dodo ulio uani kwangu nimezipanga kwa kufuata mgawanyo huo. Mavuno yanapokwisha hupunguza matawi yanayosongamana katikati ili mwanga na upepo vipite, kwa kuwa unyevu uliojificha ndani ya majani ndio unaolea chule, ugonjwa unaoacha madoa meusi kwenye majani na matunda.

Kuanzia Mei siumwagilii. Wageni hudhani nimeutelekeza, lakini mwembe uliokwisha kukomaa huhitaji ukavu na baridi ya kipupwe ili utoe maua badala ya majani mapya. Maji huurudishia vitunda vikishafikia ukubwa wa njegere.

Kwangu kipindi cha maua ndicho kinachoamua mavuno. Kila asubuhi huyapitia mashada na kuyagusa: kidole kikitoka na unga mweupe, ubwiriunga umeshaingia, na maua yaliyoshikwa hukauka na kupukutika bila kufunga tunda. Kwa sababu salfa hukinga zaidi kuliko inavyoponya, huipulizia, ile ya kuchanganya na maji, mara tu mashada yanapochomoza, kisha hurudia kwa vipindi vilivyoandikwa kwenye pakiti. Ni dawa ambayo wakulima wa korosho kule Mtwara wameizoea kwa ugonjwa wa jina hilohilo. Hupulizia alfajiri, maana salfa ikipigwa na jua kali huunguza maua.

Mchwa hawanisumbui sana: matandazo nayaweka mbali na shina, na vijia vyao vya udongo navikwangua.

Mgumu ni nzi wa matunda, hasa yule wa asili ya Asia aliyeonekana Kenya mwaka 2003. Hutaga mayai chini ya ganda, na funza akishaingia ndani dawa ya kupulizia haimfikii. Embe likianguka, hutoka na kujichimbia udongoni ili ageuke nzi. Kwa hiyo maembe yaliyoanguka huokotwa kila siku na kufukiwa kwenye shimo la zaidi ya nusu mita. Hilo halifai kitu kama ua wa pili umejaa maembe yanayooza, ndipo nikaenda kwa jirani.

“Shikamoo bibi. Naomba watoto wangu wakuokotee yaliyoanguka.”

“Marahaba mwanangu. Waje, ila mazima waniachie.”

Siku hizi anafukia mwenyewe, nasi tunagawana salfa.