Kumbukumbu ya mianzi ya babu: msimu wangu wa kwanza wa kugema ulanzi

Desemba, wiki ya 2

Mvua imekamata. Vichaka 14 vya mianzi alivyoviacha babu kule bondeni, nyuma ya mahindi, vimetoa machipukizi, na mwaka huu nagema mwenyewe ulanzi, utomvu wa mianzi unaochachuka kuwa pombe, badala ya kukodisha. Tuko upande wa Kilolo, mkoani Iringa, bodaboda hadi Ilula. Baba mdogo amegema tangu ujana wake. Amekubali kunifundisha kwa sharti moja: nisimwulize swali akiwa na kisu mkononi.

Chipukizi likikaribia kiuno na bado ni laini, unakata ncha, unaliinamisha kidogo, unafunga mbeta, yaani kipande cha mwanzi cha kukingia. Asubuhi unarudi, unamimina, unachonga kidonda upya kipande chembamba kama karatasi. Jioni hivyo hivyo. Ukilala siku moja kidonda kinakauka, basi tena. Siku 4 za kwanza niliua machipukizi 5 kwa kukata nene. Baba mdogo hakusema neno, alicheka puani.

Ukali wake aliutunzia jambo jingine. Kila kichaka niache machipukizi mawili matatu bila kuyagusa, kwa sababu lililogemwa haliwi mwanzi tena. Kuna jirani aligema yote misimu mitatu mfululizo. Sasa bondeni kwake pamebaki fito kavu, na mbeta ananunua.

Desemba, baada ya Krismasi

Aibu. Nilipeleka dumu la lita 20 kilabuni, mama mwenye kilabu akaonja.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Mwanangu, leo umeniletea mto?"

Wanywaji wakaangua kicheko, na mzee mmoja akadakia kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi hata kusifiwa sijasifiwa! Nilirudi bondeni nikaona kilichotokea: usiku ilinyesha na mbeta zangu zilikuwa wazi. Baba mdogo huziba midomo kwa majani ya mgomba na kamba. Nilidhani ni urembo. Nimeziba zote, nikaongeza vipande vya mifuko ya mbolea iliyooshwa vizuri. Faida ya pili ni kwamba nyuki na nyigu hawazami tena humo, na kuchuja kumekuwa rahisi.

Januari, katikati

Hapa ndipo nilipojiona mjanja. Ulanzi wa asubuhi ni togwa, mtamu, hata mtoto anakunywa. Nikawaza: Iringa mjini kuna watu wengi wasiogusa pombe, niwapelekee togwa. Nikaosha mbeta kwa maji ya moto, maana masalia ya jana ndiyo yanayouwahisha kuchachuka. Nikagema alfajiri, nikachuja kwa kitambaa, nikajaza vidumu 6 vya lita 5 na kukaza mifuniko barabara.

Bodaboda ikautikisa hadi Ilula. Ndani ya Coaster kulikuwa na joto. Kabla ya Ipogolo, mlangoni mwa Iringa mjini, vidumu vilishavimba kama matumbo ya ng'ombe, kimoja kikarusha mfuniko na kumwogesha povu abiria wa mbele, tena amevaa suti. Nililipa nauli yake pamoja na yangu. Kufika sokoni ladha ilishaanza kuuma ulimi. Akina mama niliowaahidi wakanusa, wakanirudishia vikombe vyangu kwa adabu. Jioni niliuza vyote kilabuni, bei ya kutupa.

Mfuniko wa ulanzi haukazwi. Kila mtu wa huku anajua isipokuwa mimi niliyesoma.

Februari

Sasa nilichokiona nilipokaa na daftari. Mama wa kilabu ananunua kwangu dumu asubuhi, analifunika kitambaa, analiacha pembeni ya jiko hadi kesho yake, kisha anauza lita moja moja kwa karibu mara mbili ya bei yangu. Hachongi, hanyeshewi. Anangoja tu. Wanywaji wanataka mkangafu, ule uliokomaa, na mimi nilikuwa nauza haraka kwa kuogopa uchachu.

Nikajaribu kungoja mwenyewe. Madumu 2 yalilala kwangu usiku mmoja: mazuri. Yaliyolala siku 3 yakawa siki, nikaimwagia migomba. Usiku wa baridi kali ulanzi unachelewa kukomaa, kwa hiyo saa si kipimo, inabidi kuonja.

Tumeelewana na mama: nampelekea uliolala usiku mmoja, ananiongeza bei, na mimi siruki siku, Jumapili ikiwemo. Hiyo ya Jumapili ndiyo inayoniuma. Natoka ibadani kabla ya matangazo.

Aprili, mwisho

Mvua zinakatika. Mbeta iliyokuwa ikinipa karibu nusu lita inatoa vijiko. Baba mdogo alikuja leo, hakuuliza nimepata shilingi ngapi; alizunguka vichaka akihesabu machipukizi niliyoyaacha. Yako 31, mengi yamenipita urefu. Kwenye kichaka cha 9 hakukuta hata moja. Alisimama hapo kitambo, akanitazama.

Mbeta nimeziosha na kuzianika juu ya jiko. Sita zimepasuka.